Leseni ya Kumwendesha Bi Mdogo

Nyumba ile ilikuwa na wake wawili, na mmoja wao alikuwa akinywa petroli.

Bi Mkubwa ndiye Fundi mwenyewe, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka hamsini na moja mwenye miwani iliyofungwa kamba na ulimi usiofungwa na chochote. Bi Mdogo alikuwa pikipiki. Jina hilo alilitoa Fundi zamani, siku mumewe aliporudi nayo nyumbani ikiwa mpya, nyekundu, akaiosha kabla hajanawa mikono ya kula. "Sawa," alisema Fundi akiwa mlangoni na ufagio mkononi, "mwenzangu amefika. Nataka tu kujua zamu yake ya kupika ni lini." Mume akacheka, na jina likaganda hapo miaka kumi na minane.

Mume huyu watu walimwita Tarishi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita, ya kuchukua mafaili na bahasha zenye mihuri kutoka ofisi hii na kuzipeleka ofisi ile. Mji mzima ulimjua kwa mgongo, maana alipita hasimami. Na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulipa faini. Jambo hilo alikuwa halichoki. Ukimkaribisha chai atakwambia, ukienda kumpa pole ya msiba atakwambia. Leseni kwake ilikuwa kitu cha heshima sawa na cheti cha ndoa, na mtu anayeendesha bila leseni alimwona sawa na mtu anayekwenda sokoni bila suruali.

Basi macho yakamwacha. Hayakuondoka kwa siku moja. Yalikwenda polepole, la kushoto likitangulia, na yeye akaficha, mzee wa watu, mpaka siku aliyokwenda kuegesha pikipiki ndani ya duka la viatu akidhani ni kivuli cha ukuta. Hakuna aliyeumia ila pea kadhaa za raba. Daktari akasema ni presha ya macho, akampa matone ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mwanga na vivuli tu. Habari ya kuendesha ikaishia kwenye kiti cha daktari.

Tangu siku hiyo, miezi saba, Tarishi hakuvuka geti la nyumba yake. Miguu ilikuwa mizima, afya tele, lakini hakutaka kushikwa mkono. "Mji huu nimeupita nikiwa mbele ya kila mtu," alisema. "Sitaupita sasa nikivutwa kama mbuzi wa mnada." Fundi alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena, wapi. Binti yao aliyeolewa mbali alituma fimbo nyeupe, nzuri, ya kukunjwa. Fimbo ikatundikwa nyuma ya mlango, na haikupita wiki ikawa ya kuanikia soksi.

Kilichokuwa kikimtoa kitandani kilikuwa kimoja tu. Kila asubuhi alikwenda uani akipapasa ukuta, akamvua Bi Mdogo turubai, akampiga kiki na kumsikiliza dakika kumi, kichwa kimeinama, kama anapokea salamu kutoka mbali. Kisha akamfuta kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma, kwa kitambaa laini ambacho Fundi alikuwa amekitafuta wiki nzima akikitaka kwa bitana. Alipomaliza hapo alirudi ndani, akakaa, na siku yake ikawa imekwisha saa mbili na nusu ya asubuhi.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wake Tarishi. Alikuwa mfanyakazi wa ghala, mtu mwema, ila ana haraka sana na mambo ya wenzake. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akamwambia kaka yake, "Chombo kinaoza, kaka. Pikipiki isipotembea inakufa. Nipe mimi niitumie, angalau itakuwa mikononi mwa ndugu."

Tarishi aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Chombo kisicho na dereva mwenye leseni hakikai kwangu. Hiyo ni kanuni yangu na siwezi kuivunja kwa sababu imenigeukia mimi. Njoo Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, uichukue."

Chumba cha mbele, ambacho ndicho duka la Fundi, kilitengwa na sebule kwa pazia tu. Fundi alikuwa nyuma ya pazia hilo na pini sita mdomoni, akipindisha sketi, na maneno yale yakamwingia kama pini ya saba. Miaka kumi na minane alikuwa akimsimanga mke mwenza. Leo aliona wazi kwamba Bi Mdogo akitoka nyumba hii, mumewe hatakuwa na sababu ya kuamka. Atalala na kulala, na siku moja atakuwa mzee wa kulishwa uji, si kwa macho bali kwa kukata tamaa. Akatema pini kiganjani na kufunua pazia.

"Leseni nitachukua mimi."

Shemeji alicheka, akatazama huku na huku akaona amecheka peke yake, akakohoa.

"Wewe?" Tarishi aliuliza. "Wewe unayeogopa ngazi?"

"Ngazi haina breki."

"Na baiskeli? Hujawahi hata baiskeli."

"Nimekanyaga cherehani miaka thelathini, bwana. Ukiunganisha kanyaga zangu zote ningekuwa nimeshazunguka dunia na kurudi. Ni vile tu chombo changu kilifungiwa sakafuni."

Shemeji akasema Jumamosi ile ile atakuja, leseni isipokuwepo aichukue, ikiwepo basi, na kwa namna alivyosema hilo neno "ikiwepo" ungedhani anazungumzia kuku kuota meno.

Shule ya udereva ilikuwa uwanja wa changarawe nyuma ya kituo cha mafuta, na ofisi yake kontena lililotobolewa dirisha. Mwalimu alikuwa kijana mpole, umri wa kifungua mimba wake Fundi, na wanafunzi wengine wote walikuwa watoto wa juzi. Nusu yao Fundi alikuwa amewashonea sare. "Wewe," alimwambia mmoja mrefu aliyekuwa anajifanya hamjui, "ulipokuwa darasa la tatu kiuno chako kilikuwa inchi ishirini na mbili, na kaptula ulirudisha mara mbili imechanika nyuma." Tangu siku hiyo yule mrefu akawa wa kwanza kumletea kofia ngumu.

Alama za barabarani hazikumsumbua, kwa sababu nyumbani alikuwa na mwalimu wa pili asiyetakiwa. Jioni, yeye akipiga pasi, Tarishi alikaa na mikono magotini akimhoji. Kitabu kizima kilikuwa kichwani mwake.

"Umefika njia panda. Kulia kuna gari, kushoto kuna gari. Nani anapita kwanza?"

"Mwenye haraka."

"Umefeli. Rudia."

"Bwana, nachoma kola ya mtu."

"Kola itangoja. Kulia kuna gari."

Mtihani wa maandishi alipata ishirini na tisa kwa thelathini. Tarishi hakupongeza. Alitaka kujua ni swali lipi lile moja, na alipoambiwa alisononeka siku mbili, akisema swali la maegesho hata mtoto hakosi. Lakini Fundi alimsikia akimpigia binti yao simu, akimwambia kwa sauti ya chini, "Mama yako ana kichwa." Alijifanya hakusikia, akaendelea kupiga pasi mahali palipokwisha kunyooka.

Balaa lilikuwa barabarani.

Kuondoka aliondoka vizuri. Gia alibadilisha bila kelele. Umbo la nane katikati ya koni alilichora laini, kwa kuwa mtu aliyekata kola za duara miaka thelathini hawezi kushindwa na kona. Lakini kila alipotakiwa kusimama ghafla, mkono wake wa kulia uliachia usukani, ukashuka pembeni karibu na goti, ukapapasa hewa. Pikipiki ikayumba kama mlevi aliyeitwa jina, na breki ikaja baadaye, imechelewa.

"Mama, mkono," mwalimu alisema.

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Umeuachia tena."

"Mimi? Sijaachia kitu, mwanangu. Labda ni upepo."

Hakuwa anadanganya. Mkono ule ulikuwa ukitoka bila kumuaga. Mwalimu alimkumbusha kwa upole, halafu kwa ukali, halafu akamfundisha kuimba "mkono, mkono, mkono" chini ya kofia, na Fundi aliimba vizuri mpaka pale mtu alipomkatiza mbele, mkono ukashuka goti. Barabara waliyofanyia mazoezi ilipita mbele ya bucha. Mwenye bucha alidhani anapungiwa, naye akawa anapunga. Kinyozi wa jirani akafuata. Ndani ya wiki mbili Fundi alikuwa na sifa ya dereva mwenye adabu kuliko wote mjini, na alikuwa hawezi kusimama.

Siku ya mtihani wa barabarani, mtahini alikuwa mwanamke wa trafiki, mwembamba, kalamu nyuma ya sikio na uso usiotoa mkopo. Alimtazama Fundi akizunguka koni, akaandika. Alimtazama akipanda kilima, akaandika. Kisha akaingia katikati ya njia na kuinua kiganja, maana yake simama. Fundi akaona kiganja kile, mkono ukaenda zake. Alisimama hatua nne mbele ya mstari, baada ya mtahini kuruka pembeni.

"Mama," alisema mtahini akikusanya karatasi zake, "nimekwambia usimame. Umenipungia."

Alimwandikia arudi baada ya wiki mbili, Ijumaa. Fundi hakuhitaji kalenda. Ijumaa hiyo ndiyo iliyotangulia Jumamosi ya shemeji, na baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya tatu.

Alirudi nyumbani akaingia dukani, akafunga mlango, akalia ndani ya jora la kitambaa cha bluu mpaka likalowa. Alijiona mjinga. Alijiona mwanamke wa hamsini na moja aliyekwenda kuchekwa na watoto, na zaidi ya yote alimwona mumewe kitandani saa nne ya asubuhi, ameelekea ukutani. Hilo ndilo lililomliza.

Tarishi alisogea mpaka kwenye pazia. Hakucheka, ingawa Fundi alikuwa amejiandaa kwa hilo na alikuwa na jibu.

"Nieleze," alisema. "Kila kitu. Usiruke."

Fundi akaeleza. Tarishi akasikiliza, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote, ndugu wala rafiki. Alitoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea. "Mtoe Bi Mdogo. Toka ukutani mpaka getini na kurudi, hapa hapa uani. Nikipiga kofi, simama."

Akaweka kigoda katikati ya ua, akakaa. Fundi akaenda, akarudi, akaenda. Kofi likapigwa, pikipiki ikayumba, nusura aangushe kamba ya nguo. Kofi tena, tena ikayumba. Tarishi akainua kichwa.

"Mafuta yanakatika kwanza, yote kwa pamoja," alisema. "Halafu kimya. Halafu ndiyo breki. Katikati hapo kuna kitu mkono wako unakwenda kukifanya, na unakiamini kuliko breki. Sijui ni nini."

Kesho yake, badala ya kukaa sebuleni, alivuta kiti akaingia dukani. Fundi alishangaa lakini hakuuliza, akaendelea na mashati ya shule, maana foleni ya sare haisubiri huzuni ya mtu. Cherehani ikakimbia, ikasimama. Ikakimbia, ikasimama. Tarishi alisikiliza karibu saa nzima.

"Hapo," alisema ghafla. "Hapo uliposimama, nimesikia kitu kinapiga chuma. Tap. Ni nini?"

"Kiganja changu. Nasimamisha gurudumu."

"Gurudumu liko wapi?"

"Wewe nawe, umeishi na cherehani miaka yote hii. Si hili hapa kulia, karibu na..." Fundi akainama. Alitazama mkono wake. Ulikuwa juu ya gurudumu la cherehani, upande wa kulia, pembeni, chini kidogo, pale pale ulipokuwa ukipapasa hewa barabarani. Kila fundi wa cherehani ya miguu husimamisha hivyo: mguu unaendesha, kiganja kinazuia. Miaka thelathini, mara elfu kwa siku, sindano ilipokaribia kidole, mkono ule ndio uliomwokoa.

"Ulikuwa unamtafutia Bi Mdogo gurudumu," alisema Tarishi.

Walicheka mpaka miwani ya Fundi ikaanguka na kamba yake, na mteja aliyekuja kuchukua sketi akadhani ameingia nyumba isiyo yake.

Kujua ugonjwa si kupona. Mkono haukusikia hoja. Kesho yake uwanjani ulishuka goti vilevile, na zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Tarishi ndiye aliyepata dawa, na kama kawaida ya dawa zake, hakuomba ruhusa. Asubuhi Fundi aliketi kushona, akasimamisha gurudumu, akarudisha kiganja kikiwa cheusi ti. Gurudumu lote lilikuwa limepakwa grisi ya mnyororo wa pikipiki.

"Umeniharibia kazi," alisema, na safari hii hakuwa anatania.

"Usilishike, halitakuchafua," Tarishi alijibu kutoka sebuleni. "Simamisha kwa mguu. Breki ya nyuma ya pikipiki iko mguu wa kulia. Fundisha mguu, mkono utajifunza kukaa nyumbani."

Kusimamisha cherehani kwa mguu kunawezekana, lakini kuna adhabu yake. Ukikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, na unaanza upya kutunga sindano. Siku ya kwanza Fundi alikata uzi mara arobaini na moja, akitoa maneno ambayo sitayarudia hapa. Kaptula moja ilipita mstari ikashonwa mfuko, mtoto akaivaa siku nzima shuleni akitafuta pa kuweka mkono. Siku ya tatu alijisahau, akageuka kutoka gurudumuni moja kwa moja kwenye shati jeupe la mwalimu mkuu, akaacha vidole vitano mgongoni, safi kabisa, hata mistari ya kiganja unaisoma. Alishona jingine usiku huo huo kwa kitambaa chake, akinung'unika. Na kila asubuhi grisi ilikuwa mpya. Tarishi alikuwa akiamka mapema zaidi kuliko zamani ili aipake, na Fundi aliliona hilo, akaacha kulalamika.

Siku ya tisa alishona mashati matano bila mkono kugusa chuma. Aligundua tu alipomaliza, kwa kuwa viganja vilikuwa vyeupe.

Ijumaa mtahini alikuwa yule yule na kalamu ile ile. Koni, sawa. Kilima, sawa. Wakaingia barabara ya bucha, mtahini akifuata nyuma kwenye pikipiki ya mwalimu. Mwenye bucha akapunga, naye Fundi hakupunga, na mwenye bucha akaudhika. Kabla mtahini hajatoa amri yoyote, mkokoteni wa viazi ulitoka uchochoroni kinyumenyume, mwenye nao amegeuza mgongo, ukaziba njia yote. Hapakuwa na muda wa kuimba kitu chochote. Mguu wa kulia ukakanyaga. Vidole vya mkono vikafinya palepale vilipokuwa. Pikipiki ikasimama imenyooka, tairi la mbele likiwa karibu na viazi kiasi cha kuweza kuvihesabu.

Mwenye mkokoteni alipita zake bila kujua kwamba ametahini mtu. Mtahini akaja, akatazama umbali uliobaki, akatazama mkono.

"Mkono leo umetulia," alisema.

"Umeteswa, mwanangu."

Mtahini hakuelewa, akagonga muhuri.

Jumamosi shemeji alifika saa tatu kamili, kwa miguu, kofia yake ngumu kwapani, dalili ya mtu asiyekuja kurudi kwa miguu. Fundi akampa karatasi hata kabla hajaketi. Shemeji akaisoma, akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hapakuwa na kitu.

"Hii ni karatasi," alisema. "Kaka mwenyewe ndiye anayesemaga leseni ni kadi."

"Karatasi ya kufaulu yenye muhuri na tarehe," alisema Tarishi kutoka kwenye kiti chake, "inaruhusu kuendesha siku thelathini wakati kadi inatengenezwa. Imeandikwa. Kipengele cha pili chini ya leseni mpya. Usinifundishe kazi yangu."

Shemeji akaweka karatasi mezani. Nilisema ni mtu mwema, na sasa aliongea kwa wema, na ndiyo sababu iliuma.

"Shemeji, hongera. Nasema kweli. Lakini tuambiane. Wewe unashonea hapa hapa chumba cha mbele, huendi kazini. Kaka hatoki. Leseni ipo, dereva yupo, pikipiki ipo. Inakwenda wapi?"

Fundi aliitazama karatasi yake pale mezani. Alikuwa amefanya yote: karatasi, koni, nyuzi mia mbili zilizokatika. Hili moja halikuwa lake kulijibu. Alimtazama mumewe, na kwa kuwa mumewe hakuweza kumwona akimtazama, hakuficha alivyokuwa anaomba.

Tarishi alisimama. Akapapasa ukuta wa sebule, wa jikoni, wa uani, Fundi na shemeji wakamfuata bila kumgusa. Akavua turubai. Akapitisha mguu juu ya Bi Mdogo akaketi mbele, pale alipokuwa akikaa siku zote, akashika usukani kwa mikono miwili. Shemeji alitaka kusema kitu, Fundi akamfinya mkono. Wakasimama hivyo. Tarishi alifinya klachi, akaiachia, akafinya tena, taratibu.

Kisha akaachia usukani. Akaweka viganja kwenye kiti, mbele yake, akajiinua na kujisogeza nyuma. Mara ya kwanza kidogo. Mara ya pili zaidi, mpaka mgongo ukagusa chuma cha kufungia mizigo na nafasi ya mtu mmoja ikabaki wazi mbele yake.

Miguu yake ikaanza kutafuta chini, kiatu kikigonga hewa, kikigonga bomba la moshi. Miaka kumi na minane pikipiki yake mwenyewe, naye hakuwahi kujua abiria anaweka wapi miguu.

"Viko wapi hivi vya nyuma?" aliuliza.

Fundi akachuchumaa. Akaushika mguu wa mumewe kwa mikono yote miwili, akauweka mahali pake, akazunguka, akauweka na wa pili. Tarishi hakuuvuta. Fundi alibaki chini pale muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu uso wake haukuwa wa kuonyesha shemeji.

"Fundi."

"Naam."

"Vaa kofia. Sipandi na dereva asiye na kofia."

Kofia aliyovaa ni ya shemeji, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, na shemeji alimfunga mwenyewe mkanda wake kidevuni. Akapanda, akapiga kiki, Bi Mdogo akaitika mara ya kwanza. Mikono ya mumewe ikamzunguka kiunoni, mchana kweupe, mtu ambaye hata siku ya harusi alimshika kiwiko tu.

"Nikupeleke wapi?" Fundi aliuliza.

"Mbali kidogo," alisema Tarishi. "Nimekaa sana."

Shemeji akaenda kuwafungulia geti.